Mshale Uko Katikati, Mashine Inasoma 104: Namna ya Kujua Joto Halisi la Maji ya Injini

"Fundi, mshale uko katikati lakini mashine inasoma 104. Nimwamini nani?"

Mshale ni ule wa joto kwenye dashibodi, na mashine ni kifaa cha kusomea taarifa za gari. Hapa Dodoma swali hili naulizwa karibu kila wiki, na Oktoba jua linapokuwa kali naulizwa zaidi. Wengine huja na la kinyume chake: mshale unakaribia H (moto), mashine inasema 88, na gari halichemshi. Kuna pia wale wanaokuja hela imeshaondoka. Wamebadilisha sensa, themostati (vali inayofungua njia ya maji yakipata joto) na kifuniko cha rejeta, na vipimo bado vinapingana.

Nimeweka hatua zote hapa. Zinahusu magari ya zamani ya petroli, hasa Toyota, Nissan na Suzuki za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Wenye Land Cruiser au Hilux za dizeli nitawagusia njiani. Ninachokuomba kabla ya yote: usinunue spea hata moja mpaka ujue kipimo kipi kinadanganya. Na wakati bado hujajua, amini kile kinachosema injini ina joto zaidi.

Hilo la pili nimelijua kwa gharama. Zamani kidogo mteja aliniletea Toyota Noah. Mashine ilisoma 108, mshale umetulia katikati. Mashine yangu ilikuwa ya bei rahisi, nikaidharau, nikamwambia aende tu. Alikuwa anakwenda Iringa kwa njia ya Mtera. Alipoanza kupanda mlima Nyang'oro gasketi ya silinda hedi ikaungua, na hedi yenyewe ikapinda. Tulipofungua tulikuta soketi ya sensa ya mshale imejaa kutu ya kijani. Mashine ndiyo iliyokuwa inasema kweli. Familia ile ililala barabarani kwa sababu ya neno langu, na tangu siku hiyo sijaruhusu gari liondoke na vipimo viwili vinavyopingana.

Kwa nini vipimo viwili vinatofautiana

Magari mengi ya miaka hiyo yana sensa mbili za joto la maji, mengine yana tatu. Moja ni ndogo, ina waya mmoja, na kazi yake ni mshale wa dashibodi tu. Nyingine ina nyaya mbili na inapeleka taarifa kwenye kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini. Hii ndiyo inayosomwa na mashine. Ya tatu, ikiwepo, ni swichi ya feni, ambayo hukaa kwenye rejeta upande wa chini au kwenye nyumba ya themostati. Kwa hiyo mshale na mashine ni mashahidi wawili waliosimama sehemu tofauti, na mmoja anaweza kuumwa wakati mwenzake ni mzima.

Sensa zote mbili hufanya kazi kwa namna moja: maji yakipata joto, ukinzani wake (unaopimwa kwa omu) unashuka. Shika hilo, kwa sababu kutu kwenye soketi huongeza ukinzani. Kutu humfanya shahidi aseme injini ni ya baridi kuliko ilivyo.

Halafu kuna jambo linalowatia watu wasiwasi bure. Mshale wa magari mengi umetengenezwa utulie katikati kuanzia nyuzi joto 75 au 80 hivi hadi zaidi ya 100, ili dereva asishtuke kila akipanda mlima. Ukiona mshale katikati na mashine inasoma 86, halafu baadaye mshale palepale na mashine inasoma 97, hapo hakuna mgongano wowote.

Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haina kontroo boksi la kuendesha injini. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika. Mashine haina cha kusoma pale. Wewe utalinganisha mshale na kipimajoto cha mkononi, na hatua ya 6 utairuka.

Andaa hivi kabla hujaanza

Multimeta inayopima volti na omu. Ukipata yenye waya wa kupimia joto, chukua hiyo, itakusaidia kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha hii.

Kipimajoto cha kulenga bila kugusa, kile cha umbo la bastola cha viwandani. Kile cha kupimia homa kwenye paji la uso hakifai, kinaishia kwenye nyuzi 40 na kidogo.

Mashine ya kusomea gari. Kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachoungana na simu kinatosha, kama gari lako linakikubali. Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani kabla ya 2000 hazizungumzi nacho, hata kama soketi inaingia vizuri. Hizo huwa na kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti. Ukiunganisha matundu yake ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya na kuwasha swichi bila kupiga stata, taa ya injini inapepesa namba ya hitilafu. Namba 22 ni mzunguko wa sensa ya joto la maji.

Vingine ni tepu nyeusi ya umeme, balbu ndogo ya dashibodi iliyofungwa nyaya mbili, kipande cha waya, sufuria ya zamani, jiko, kitambaa, na daftari. Daftari ni la lazima. Ukikariri vipimo kichwani, ukifika hatua ya tano umeshavichanganya.

Onyo ambalo sitalirudia

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na joto. Dodoma tuko kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na huku maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Kifuniko kizima chenye alama ya presha ya 0.9 hubana mfumo mpaka maji yavuke 115 bila kuchemka. Yakiwa 105 mle ndani yametulia. Ukifungua tu, presha inaondoka na yote yanataka kugeuka mvuke kwa wakati mmoja. Yatakufikia usoni kabla hujarudisha mkono. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta uwe wa kushikika na uwe laini.

Kaa mbali na feni pia. Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Hatua ya 1: Hakikisha maji yamejaa na hakuna hewa

Asubuhi, injini baridi, fungua rejeta yenyewe. Usiridhike na kuangalia chupa ya akiba. Kifuniko kibovu hakivuti maji kurudi, kwa hiyo chupa inaweza kuwa imejaa huku rejeta ina upungufu wa lita mbili.

Sensa inapima kile kinachoigusa. Ikiguswa na hewa badala ya maji, itasoma chini wakati injini inaungua. Gari lililoishiwa maji kabisa mara nyingi mshale wake hushuka, na dereva hufurahi kwamba limepoa. Kama mshale unapanda na kushuka ghafla, au hita inatoa hewa ya baridi injini ikiwa na moto, fikiria hewa kwanza.

Kuitoa: egesha gari pua ikiwa imeinuka, weka hita kwenye joto la mwisho, jaza maji, washa injini bila kifuniko na iache mpaka mpira wa juu upate joto. Minya mpira huo taratibu, ongeza maji kadiri mapovu yanavyotoka, kisha funga. Mapovu yasipokoma kwa dakika 20 na zaidi, inawezekana gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Simamisha kazi hapo, lipeleke gari kwa fundi apime gasketi.

Hatua ya 2: Zitambue sensa zako

Fuata mpira wa juu wa rejeta hadi unapoingia kwenye injini. Sensa huwa hapo karibu, kwenye shingo ya chuma au kwenye silinda hedi. Waya mmoja ni ya mshale. Nyaya mbili ni ya kontroo boksi. Ukikuta moja tu yenye nyaya mbili au tatu, gari lako ni la kizazi cha baadaye kidogo na sensa hiyo inahudumia pote pawili.

Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu. Kama gari limewahi kubadilishwa injini, andika hilo kwenye daftari kwa herufi kubwa, tutalirudia.

Hatua ya 3: Kipimo cha asubuhi

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji kufungua hata nati moja. Gari lililolala usiku kucha lina joto moja kila mahali. Washa swichi bila kupiga stata, soma joto la maji kwenye mashine, kisha soma joto la hewa inayoingia injini. Linganisha na kipimajoto chako kwenye chuma cha injini. Vyote vitatu vinatakiwa vipishane nyuzi 3 au 4, zisizidi 5.

Asubuhi ya Julai hapa mjini unaweza kukuta 15, 16 na 15. Hiyo ni safi. Ukikuta hewa 16, chuma 15, na maji 38, sensa ya kontroo boksi inadanganya na umeijua ndani ya dakika mbili. Ukikuta -40, waya umekatika au soketi imetoka. Ukikuta 130 au 140 kwenye injini iliyolala, nyaya zimegusana.

Gari likifaulu hapa, lisikupe imani kupita kiasi. Sensa inayopitisha omu 2,450 kwenye nyuzi 20 hupitisha kama 240 tu kwenye nyuzi 90. Kutu ikiongeza omu 100, asubuhi hutaona tofauti ya hata nyuzi moja. Injini ikipata moto, omu 100 hizo hizo zinaifanya mashine isome 78 wakati maji yako 90. Feni inachelewa kuwaka, na injini inapika. Wengi hupima asubuhi, wanakuta sawa, wanaitoa sensa kwenye lawama. Ndiyo maana hatua ya 4 hairukwi.

Hatua ya 4: Mlete shahidi wa tatu

Bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye shingo ya chuma, karibu kabisa na sensa. Alumini inayong'aa humdanganya kipimajoto cha kulenga. Inaweza kukupa 60 wakati chuma kiko 90. Lenga kwenye tepu, ukiwa umesogea karibu. Mwenye multimeta ya waya wa joto, ubandike waya huo pale pale kwa tepu na uufunike kwa kitambaa ili upepo wa feni usiupoze, lakini kitambaa kikae mbali na mikanda.

Washa injini. Kila baada ya dakika 3 andika mambo manne: mashine, mshale (chora tu ulipo), kipimajoto chako, na hali ya feni. Endelea mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Gari lisilo na hitilafu litapanda taratibu. Karibu na 82 mpira wa juu utapata joto ghafla, maana themostati imefunguka. Feni itawaka mahali fulani kati ya 90 na 98 kutegemea gari, halafu joto litashuka nyuzi kadhaa na feni kuzima.

Chuma cha nje huwa chini ya maji ya ndani kwa nyuzi 3 hadi 6, usishangae. Unachotafuta ni nani anaenda pamoja na kipimajoto. Mashine 92 na kipimajoto 88, mashine ni nzima, nenda hatua ya 5. Mashine 74, kipimajoto 89, feni haijawaka na mpira wa juu huwezi kuushika, mashine inadanganywa na sensa yake, nenda hatua ya 6.

Usipime chini ya rejeta ukalinganisha na mashine. Maji pale yameshapoozwa na ni kawaida yawe chini sana kuliko ya kwenye hedi. Nimemwona kijana ametupa sensa nzima kwa kosa hilo.

Hatua ya 5: Mshale unapodanganya

Zima injini, acha swichi imewashwa. Chomoa ule waya mmoja. Kwenye Toyota na nyingi za Japani, mshale unatakiwa ushuke mpaka C (baridi). Sasa unganisha waya huo kwenye chuma cha injini kupitia balbu yako ndogo. Balbu itawaka na mshale utapanda kuelekea H. Usiunganishe moja kwa moja bila balbu ukaacha hivyo. Mtambo wa mshale unaweza kuungua.

Mshale ukitii, dashibodi na waya ni vizima, tatizo liko kwenye sensa au soketi yake. Usipotii, kagua fyuzi na waya kabla hujalaumu dashibodi.

Angalia pia mshale wa mafuta. Kama wa mafuta na wa joto vyote vinasoma juu kwa pamoja, au vyote chini, achana na sensa kabisa. Magari mengi ya zamani yana kidhibiti kimoja cha umeme nyuma ya dashibodi kinachohudumia mishale yote miwili.

Hatua ya 6: Mashine inapodanganya

Chomoa soketi ya nyaya mbili, swichi ikiwa imewashwa. Mashine itatakiwa isome -40. Feni inaweza kuanza kuzunguka, ni kawaida. Pima volti kati ya vipini (pini) viwili vya soketi upande wa waya: 5 au karibu kabisa na 5. Kisha unganisha vipini hivyo kwa kipande cha waya. Mashine iruke mpaka 130 na zaidi.

Ikiitika kote kuwili, waya na kontroo boksi ni vizima. Iliyobaki ni sensa au vipini vyake. Isipofika -40, kuna nyaya zinagusana njiani. Isiporuka juu, kuna mkatiko au ethi (muunganisho wa hasi) ya sensa imepotea. Namba za hitilafu zinaelekea huko huko: P0117 ni upande wa nyaya kugusana, P0118 ni upande wa waya uliokatika.

Ukimaliza, futa namba za hitilafu ulizozisababisha mwenyewe. Nyingi husahaulika, na fundi anayefuata anaanza kuzifukuza.

Hatua ya 7: Ethi

Ningeweza kuiweka hatua hii mwanzo, kwa jinsi inavyosumbua hapa kwetu. Vumbi la barabara za pembezoni na maji ya kuoshea injini hula waya wa ethi polepole. Halafu gari likishushwa giaboksi, waya unaounganisha injini na bodi unasahauliwa chini, kwa sababu gari linawaka vizuri bila huo.

Washa injini, washa taa kubwa na feni ya hita. Weka multimeta kwenye volti, mdomo mmoja kwenye chuma cha injini kilichosuguliwa, mwingine kwenye chuma cha bodi. Usomaji usizidi 0.2. Rudia kati ya injini na kichwa cha hasi cha betri.

Ukiona mshale wa joto unapanda kila ukiwasha taa na kushuka ukizima, umepata jibu hata bila multimeta. Maji hayawezi kupata joto kwa sekunde moja kwa sababu umewasha taa. Fungua vichwa vya ethi, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza.

Hatua ya 8: Sensa ndani ya sufuria

Injini baridi, punguza maji ya rejeta kidogo, toa sensa. Ining'inize kwenye maji kwa waya bila kugusa chini ya sufuria, weka kipimajoto kando yake, multimeta kwenye omu. Kwa sensa ya nyaya mbili ya Toyota utegemee takriban hivi: nyuzi 20, omu 2,000 hadi 3,000; nyuzi 40, kama 1,150; nyuzi 60, kama 600; nyuzi 80, kati ya 200 na 400, nyingi huwa 320. Nissan na Suzuki nyingi hazipishani mbali na hizi.

Yakichemka, kumbuka tuko Dodoma. Ni 96, na Singida ni kama 95. Vijana wengi huandika 100 kwa sababu shuleni tuliambiwa maji huchemka kwa 100, kisha wanaona sensa inakosea kwa nyuzi 4 na kuitupa. Kwenye 96 sensa nzima inasoma kama omu 200.

Sensa ya waya mmoja ina vipimo vyake, vidogo zaidi: mamia machache ya omu ikiwa vuguvugu, na makumi tu ikiwa na moto mkali. Pima kati ya kichwa chake na mwili wake. Ishuke mfululizo bila kurukaruka, ikiruka, imekufa.

Kabla hujaitupa yoyote, itazame ncha. Maji mengi ya visima huku kwetu yana chumvi, na mtu akiyajaza kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka, sensa inavaa ukoko mweupe ule ule wa ndani ya birika la chai. Sensa yenye ukoko inasoma sawa lakini inachelewa. Isafishe kwa siki, pima tena.

Hatua ya 9: Themostati, sufuria ikiwa bado jikoni

Kama kwenye hatua ya 4 mpira wa juu ulipata joto mapema mno, au haukupata kabisa, itoe themostati na uitumbukize. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka kati ya 80 na 84, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 hivi au zaidi. Kwa bahati nzuri maji yetu yanafika 96, kwa hiyo sufuria inatosha.

Ukikuta nyumba ya themostati ni tupu, rudisha nyingine. Najua mafundi wengi huitoa wakisema huku kuna joto. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Barabarani usiku gari linasoma 65 na kunywa mafuta, mchana likipanda mlima na mzigo linachemsha. Hapo vipimo vyote vinasema kweli, na bado mwenye gari anadhani vinagombana.

Hatua ya 10: Rudisha na upime tena

Sensa ya waya mmoja inapata ethi kupitia nyuzi za skrubu yake. Ukiizungushia tepu nyeupe ya bomba la maji, unaitenga na injini, na mshale utasoma chini au hautapanda kabisa. Tumia washa (ringi) yake, au usiweke kitu. Kaza kwa kiasi. Shaba ikikatikia kwenye alumini, kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili.

Jaza kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa na maji ya betri yasiyo na asidi, toa hewa kama hatua ya 1, kisha rudia hatua ya 4 yote. Baada ya hapo endesha kilomita 20 hivi, ukisimama mara mbili kupima.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuunganisha feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. Unaficha dalili. Kama kuna hitilafu ya sensa itabaki, na siku feni ikiungua hutapata onyo.

Kununua sensa kwa kuangalia uzi unaingia. Sensa mbili zinaweza kufanana umbo na kutofautiana omu. Linganisha namba iliyoandikwa, na hata iliyotumika ipime kwenye sufuria kabla ya kulipa, au angalau pima omu zake hapo dukani.

Kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo. Gari likipona hutajua ni kipi kilikuwa kibovu, na likirudi kuumwa huna pa kuanzia.

Dalili na pa kuanzia

Mashine na kipimajoto vinakubaliana, mshale uko juu kila wakati, na gari lilibadilishwa injini: hii ndiyo niliyokuambia uandike kwa herufi kubwa. Injini ilikuja na sensa yake, dashibodi ni ya injini ya zamani. Hazikuumbwa kufanya kazi pamoja. Tafuta sensa ya mshale ya injini ya awali, mara nyingi uzi wake unaingia.

Mshale na mashine vyote viko chini, mafuta yanaisha haraka, hita haina nguvu: themostati imekwama wazi au haipo. Namba ya hitilafu P0128, kwenye magari yanayoionyesha, huelekea hapo.

Vipimo vinakubaliana asubuhi, vinaachana injini ikiwa na moto: soketi. Safisha vipini, vuta waya mmoja mmoja taratibu huku unaangalia mashine.

Mashine inarukaruka, 88, 40, 91, 60, ukipita kwenye matuta: waya umekatika ndani ya ganda lake, au kipini kimelegea. Maji hayabadiliki joto kwa kasi hiyo.

Vyote vitatu vinasema 105 na vinazidi kupanda: hakuna anayedanganya. Acha kupima sensa. Tazama rejeta kama kuna sehemu za baridi katikati ya moto, mapezi yaliyozibwa na vumbi na majani, wota pampu, feni, kifuniko.

Na kama uko njiani, tuseme katikati ya Bahi na Manyoni, mshale uko katikati na simu inakuonyesha 108 bila kushuka: zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho pamoja na madirisha, punguza mwendo. Kama ndani ya dakika mbili namba haishuki, au hita inaanza kutoa baridi, egesha, zima injini, inua boneti, na usiguse kifuniko kwa muda usiopungua nusu saa.